Namba 86 ni ya mashine gani? Jibu kuhusu alama za wahakiki wa gemu

SWALI: Nina PlayStation 4 ya kawaida niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na intaneti yangu ni bando la simu. Kabla ya kununua gemu huwa naangalia alama za Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, lakini zinanichanganya. Cyberpunk 2077 naiona ina 86 mahali pamoja na 57 mahali pengine. Gran Turismo 7 wahakiki wameisifu, wachezaji wakaipa alama ya aibu. Rafiki zangu wanasema wahakiki wanahongwa. Je, ni kweli? Na mtu wa kipato changu, ambaye gemu moja ni ununuzi wa kujipanga, asome namba ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hizo namba mbili za Cyberpunk 2077, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo humo. Zote mbili ni sahihi. Ile 86 ni ya kompyuta, na ile 57 ni ya PlayStation 4, yaani mashine uliyonayo wewe. Gemu hiyo ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo kampuni ya CD Projekt ya Poland iliwapa wahakiki nakala za kompyuta peke yake, na masharti ya mwanzo yaliwazuia kuonyesha video walizorekodi wenyewe wakati wakicheza. Walichoruhusiwa kuonyesha ni vipande vilivyoandaliwa na kampuni. Wahakiki hao walicheza kwenye kompyuta zenye nguvu, wakaona jiji la Night City likiwaka taa zake zote, wakaandika walichokiona. Mtu wa PlayStation 4 alipoweka diski yake alikutana na kitu kingine kabisa: nyuso zisizokamilika hadi sekunde kadhaa zipite, magari yanayojitokeza barabarani kutoka hewani, picha zinazokatikakatika kila mapigano yalipopamba moto, na gemu kujifunga yenyewe katikati ya safari. Wiki moja baada ya kutoka, Sony iliiondoa kwenye duka lake la PlayStation na kuanza kuwarudishia watu fedha zao, jambo ambalo ni nadra sana kwa gemu kubwa kiasi hicho. Haikurudi dukani hadi Juni 2021.

Hakuna mhakiki aliyehitaji kudanganya ili wewe upotoke. Alama hujibu swali la mtu fulani, aliyecheza kwenye mashine fulani, toleo fulani la gemu, katika siku fulani. Wewe ukiichukua kama kipimo cha gemu yenyewe, popote na wakati wowote, umeibebesha mzigo ambao haikutengenezewa. Mengine yote nitakayoyaandika hapa yanatokana na hilo.

Tukae kwanza kwenye suala la mashine, kwa kuwa ndilo linaloumiza mifuko ya wasomaji wengi wa Afrika Mashariki. PlayStation 5 iliingia sokoni Novemba 2020, na tangu hapo hakiki nyingi za gemu mpya zinaandikwa na watu walioiacha PlayStation 4 zamani. Gemu ya mpira ya EA Sports FC 24, ya kwanza baada ya kampuni ya EA kuachana na jina la FIFA, ilitangazwa kwa mbwembwe za teknolojia iitwayo HyperMotionV, ambayo hutumia mienendo ya wachezaji iliyochukuliwa kwenye mechi halisi. Teknolojia hiyo haimo kwenye toleo la PlayStation 4. Kwa hiyo mhakiki aliyesifu jinsi mabeki wanavyogeuka na washambuliaji wanavyokimbia nyuma ya ukuta alikuwa anaeleza mchezo ambao wewe hungeupata hata kama ungelipa bei ileile. Hogwarts Legacy nayo ilitoka kwa PlayStation 5 Februari 2023, lakini toleo la PlayStation 4 lilichelewa hadi Mei. Sifa zote zilizojaa mtandaoni mwezi wa Februari zilikuwa za toleo ambalo mwenye mashine ya zamani alikuwa hajaliona hata kwa picha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nintendo Switch. Kwa miaka kadhaa EA ilikuwa ikitoa FIFA ya Switch iitwayo Legacy Edition, ambayo kimsingi ilikuwa gemu ya mwaka uliopita iliyobadilishiwa vikosi na jezi. Ilipotoka FIFA 21, tovuti ya IGN ilichukua uhakiki wake wa mwaka uliotangulia wa toleo hilohilo, ikauchapisha tena, na kuipa gemu 2 kati ya 10. Mwaka huohuo FIFA 21 ya mashine nyingine ilikuwa ikipewa alama za heshima. Jina ni moja, jalada linafanana, ila alama zinapishana kama usiku na mchana, na zote ni za haki.

Metacritic yenyewe hutenganisha alama kwa mashine, na ndiyo maana umeona 86 na 57. Tatizo ni kwamba ukurasa wa gemu hufunguka na namba ya mashine moja, aghalabu ile yenye hakiki nyingi, na ya mashine yako unapaswa kuitafuta mwenyewe. Mara nyingi utakuta haipo kabisa, kwa sababu tovuti hiyo haitoi wastani mpaka zipatikane hakiki zisizopungua 4 za mashine husika. Ukikuta gemu ina hakiki 90 za PlayStation 5 na hakuna hata wastani wa PlayStation 4, usidhani kwamba hizo za PlayStation 5 zinakutosha. Ukimya huo wenyewe ni taarifa: hakuna aliyeona faida ya kuijaribu kwenye mashine yako, au mchapishaji hakutaka ijaribiwe.

Sasa tuone hiyo namba inapikwaje. Metacritic ilianzishwa mwaka 2001, na kazi yake ni kukusanya hakiki za magazeti na tovuti mbalimbali na kuzigeuza zote kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha kutafuta wastani. Wastani huo si wa kawaida. Baadhi ya vyombo vina uzito zaidi kuliko vingine, na orodha ya uzito huo haijawahi kuwekwa wazi. Tovuti ya OpenCritic, iliyoanza mwaka 2015, haigawi uzito, na inaongeza kitu ninachokiona kuwa cha maana zaidi, yaani asilimia ya wahakiki wanaoipendekeza gemu. Gemu yenye wastani wa 78 na mapendekezo ya wahakiki 9 kati ya 10 ni salama zaidi kwa mnunuzi kuliko yenye wastani wa 80 na mapendekezo ya 7 kati ya 10.

Katika huko kugeuza ndimo maana inamopotea. Vyombo vingine hutumia nyota 5, vingine herufi kama za shuleni. Nyota 4 kati ya 5, ambazo mwandishi alizitoa kwa moyo mweupe, huwa 80. Herufi B yenye alama ya kutoa, ambayo kwa mwandishi ni kazi njema yenye kasoro kidogo, Metacritic huiandika 67 na kuipaka rangi ya manjano, kwa sababu gemu hupata kijani kuanzia 75 tu. Ajabu ni kwamba filamu, kwenye tovuti hiyohiyo, hupata kijani kuanzia 61. Yaani sinema ya 65 inaonekana imefanikiwa na gemu ya 65 inaonekana imeyumba, ilhali namba ni moja.

Kwa nini gemu zipimwe kwa ngazi kali hivyo? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni shule za Kimarekani. Vyombo vikubwa vya uhakiki wa gemu vilizaliwa huko au viliandikia wasomaji wa huko, ambako mwanafunzi akipata 70 amepata C na akishuka chini ya 60 kwa kawaida amefeli. Wewe na mimi tumelelewa kwenye ngazi nyingine. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania A huanzia 75, na 65 ni B, matokeo ambayo mzazi hawezi kuyafichia jirani. Ndiyo maana msomaji wa hapa akiona 72 anadhani gemu imekosa A kwa alama chache, na mhakiki aliyeiandika alikusudia kumwambia ajihadhari. Kwa desturi ya fani hii, 9 hadi 10 ni sifa kubwa, 8 ni nzuri bila wasiwasi, 7 ni nzuri kwa mpenzi wa aina hiyo ya mchezo, na 6 tayari ni onyo. Chini ya 5 hukaa gemu zilizoharibika kabisa, ambazo wahakiki wengi hawazigusi kwa kuwa muda wao ni mchache na wasomaji hawaziulizii. Starfield ilipotoka Septemba 2023, IGN iliipa 7, alama ambayo kwenye ngazi yao wenyewe husomeka kuwa nzuri, na mashabiki wakaipokea kama tusi.

Kuna na jambo la mtawanyiko, ambalo wastani huficha. Death Stranding ya Hideo Kojima, iliyotoka Novemba 2019, ina 82. Ukisoma namba hiyo unatarajia gemu ambayo wengi waliiona nzuri kiasi. Ukweli ni kwamba gazeti la Famitsu la Japani, ambalo huwapa gemu moja wahakiki 4 na kila mmoja akatoa alama kati ya 10, liliipa 40 kamili, na IGN ya Marekani ikaipa 6.8. Ni gemu ya kubeba mizigo kwa miguu kuvuka milima na mito, saa nyingi ukiwa peke yako, ukipima kila hatua usije ukaanguka na shehena mgongoni. Kuna mtu atakayeipenda kuliko gemu zote alizowahi kucheza, na kuna mtu atakayeizima baada ya saa 2. Yule wa 82, anayeiona nzuri kiasi, ni adimu kumpata. Kwa hiyo kabla ya kuuamini wastani fungua orodha, tazama alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha soma hizo mbili. Nafahamu bando linahesabika, lakini hakiki mbili za maandishi hazimalizi hata sehemu ndogo ya MB zinazoliwa na video moja ya dakika kumi.

Umeuliza kuhusu hongo. Bahasha ya kaki, mhakiki apewe fedha ili aandike 9, si jambo lililozoeleka katika vyombo vyenye jina, na sitaki kukupa picha hiyo kwa sababu itakufanya uwe macho mahali pasipo na mwizi. Shinikizo lipo, lakini njia zake ni nyingine. Njia ya kwanza ni matangazo. Novemba 2007 tovuti ya GameSpot ilimfukuza kazi mhariri wake Jeff Gerstmann muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6, huku tovuti hiyohiyo ikiwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo. Miaka ya mbele, mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, alithibitisha hadharani kwamba uongozi mpya wa biashara ulikuwa ukiyumbishwa na malalamiko ya watangazaji. Zingatia kwamba alama yenyewe ilichapishwa na haikubadilishwa. Aliyeumia ni mwandishi. Ndivyo shinikizo la aina hii linavyofanya kazi: linamfundisha mwandishi wa kesho kuogopa.

Njia ya pili ni nakala za mapema. Mhakiki asipopewa gemu wiki moja au mbili kabla, makala yake itachelewa, na makala iliyochelewa haisomwi. Mchapishaji anajua hilo. Kwa Starfield, chombo kikubwa cha Uingereza kama Eurogamer hakikupata nakala kwa wakati, na kililazimika kuwaeleza wasomaji wake sababu ya kuchelewa. Pamoja na nakala huja saa ya zuio, yaani muda ambao kabla yake hakuna anayeruhusiwa kuchapisha. Zuio si uovu lenyewe. Humpa mwandishi nafasi ya kucheza bila kukimbizana na wenzake. Lakini liangalie limewekwa wapi. Assassin's Creed Unity, Novemba 2014, ilianza kuuzwa Marekani saa kadhaa kabla ya hakiki kuruhusiwa, na waliowahi kununua ndio waliogundua nyuso zilizobaki macho na meno tu. Zuio linaloisha siku kadhaa kabla ya mauzo huonyesha mchapishaji asiye na hofu. Hata hivyo usiifanye kuwa sheria ya chuma, maana Doom ya mwaka 2016 haikutumwa kwa wahakiki mapema, kila mtu akashuku, na ilipofunguliwa ikawa miongoni mwa gemu bora za mwaka huo.

Wanaolipwa waziwazi ni baadhi ya watu wa video. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Warner Bros. kuhusu kampeni ya gemu ya Middle-earth: Shadow of Mordor, ambamo watengeneza video wenye wafuasi wengi, akiwemo PewDiePie, walilipwa ili waionyeshe kwa uzuri bila kuweka wazi ipasavyo kwamba wamelipwa. Rafiki zako wakisema wahakiki wanahongwa, waulize kama walisoma uhakiki au walitazama video. Mara nyingi utakuta wanachanganya watu wawili wenye kazi mbili tofauti.

Na kama unataka kujua nani hasa huumizwa na alama, tazama upande wa watengenezaji. Studio ya Obsidian iliposhughulika na Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, mkataba uliahidi bonasi endapo gemu ingefikia 85 Metacritic. Ilipata 84. Habari hiyo aliitoa Chris Avellone, mmoja wa waandishi wa studio hiyo, mwaka 2012, na naamini ndiyo alama moja iliyogharimu watu zaidi katika historia ya fani hii. Fikiria uzito wa siri niliokutajia juu, na herufi zinazogeuzwa 67, kisha ujiulize hiyo alama moja ilipotelea wapi.

Tuje kwa wachezaji. Alama zao zina jambo ambalo mhakiki hana: hutolewa na watu walionunua, wenye mashine za kila aina, na huendelea kutolewa miezi baada ya wahakiki kuhama. Elden Ring ilipewa 96 na wahakiki mwezi Februari 2022, lakini siku za mwanzo kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, maoni yalikuwa mseto, kwa sababu toleo la kompyuta lilikuwa linakwamakwama, na wachezaji ndio waliolisema kwa sauti. eFootball 2022, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami iliyochukua nafasi ya PES tuliyokua nayo, ilitoka mwishoni mwa Septemba 2021 ikiwa na nyuso za kutisha na mpira usioeleweka, ikaangukia miongoni mwa gemu zilizochukiwa zaidi Steam. Hapo wahakiki na wachezaji walikubaliana, na Konami ikaomba radhi.

Lakini kura za wachezaji zina ugonjwa wake, nao ni mafuriko ya hasira. The Last of Us Part II ilitoka tarehe 19 Juni 2020, ikiwa na 93 ya wahakiki. Siku hiyohiyo maelfu ya watu waliipa sifuri, kabla hata mtu yeyote hajaweza kuimaliza, kwa kuwa walikuwa wameshasoma hadithi iliyovuja na hawakupenda nani amekufa na nani amepewa nafasi ya kuwa shujaa. Metacritic ikabadilisha utaratibu wake, na tangu hapo mchezaji hulazimika kusubiri saa 36 baada ya gemu kutoka ndipo aruhusiwe kupiga kura. Sifuri za namna ile hazikuambii chochote kuhusu gemu.

Si kila mafuriko ni ya kupuuzwa, hata hivyo. Mei 2024 Sony iliwataka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation Network, hata wale waliokuwa wakicheza kwa miezi bila akaunti hiyo. Ndani ya siku chache maoni hasi yalimiminika kwa mamia ya maelfu, na Sony ikarudi nyuma. Jambo hili lilitugusa moja kwa moja, maana Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtandao huo unazihudumia rasmi, na wengi wetu tunatumia akaunti zilizofunguliwa kwa jina la nchi nyingine. Mhakiki wa London au Los Angeles hawezi kuliona tatizo hilo akiwa sebuleni kwake. Mchezaji aliliona siku ya kwanza. Steam nayo, tangu Agosti 2025, imeanza kuonyesha alama kwa lugha ya anayeandika, ili tatizo la watu wa lugha moja, kama tafsiri mbovu, lisizame ndani ya wastani wa dunia nzima.

Hapo ndipo inapoingia Gran Turismo 7 uliyoiuliza. Ilitoka tarehe 4 Machi 2022 kwa PlayStation 4 na PlayStation 5, na wahakiki wakaipa wastani wa 87. Walikuwa na haki: magari yake yametengenezwa kwa uangalifu wa sonara, na uendeshaji wake ni mtamu. Lakini waliicheza kabla haijatoka, wakati bei za kununua fedha za ndani ya gemu kwa fedha halisi bado hazijaonekana. Katikati ya Machi likaja sasisho lililopunguza zawadi za baadhi ya mashindano, hivyo gari moja la gharama likahitaji saa nyingi zaidi za kuendesha, au kadi ya benki. Sasisho hilohilo likawa na hitilafu, na seva zikazimwa kwa zaidi ya saa 30. Ndipo watu wakagundua kwamba gemu waliyoinunua kwa bei kamili, ambayo wengi huicheza peke yao dhidi ya kompyuta, haifunguki bila intaneti isipokuwa sehemu ndogo tu. Alama ya wachezaji Metacritic ikaporomoka hadi kufikia takriban 2 kati ya 10, na kwa gemu ya Sony yenyewe hiyo ni fedheha. Watengenezaji walitoa fidia, na mwezi Aprili wakaongeza zawadi.

Sasa nani alisema kweli? Mhakiki alihukumu gari na barabara. Mchezaji alihukumu biashara iliyojengwa juu yake. Kwako wewe mwenye bando la simu, neno muhimu kuliko yote katika mjadala ule lilikuwa kwamba gemu hudai intaneti muda wote, nalo halimo ndani ya 87 wala ndani ya 2. Limo kwenye maandishi. Kwa hiyo ukisoma maoni ya wachezaji, achana na wastani, tafuta malalamiko yanayorudiwa na watu wasiofahamiana: inajifunga, inadai mtandao, imejaa vitu vya kununua, faili zinapotea. Lalamiko la kiufundi likirudiwa mara nyingi ni ushahidi; matusi yakirudiwa mara nyingi yanabaki matusi.

Tarehe nayo usiiruke. Alama ya mhakiki kwa kawaida huandikwa mara moja na kuachwa, ilhali gemu ya siku hizi hubadilika kila mwezi. No Man's Sky ilizomewa Agosti 2016, ikajengwa upya kwa miaka, na mwaka 2024 maoni yake kwenye Steam yalikuwa yamepanda hadi kuwa mazuri sana. Kinyume chake pia hutokea. Crash Team Racing Nitro-Fueled ilitoka Juni 2019 ikasifiwa, na mwezi wa Agosti Activision ikaingiza ndani yake ununuzi wa fedha halisi ambao wahakiki hawakuukuta. Ni mbinu inayonikera kuliko zote, kwa kuwa alama nzuri inabaki dukani kama tangazo la kitu ambacho hakipo tena.

Nimalizie kwa gemu zako mbili. Cyberpunk 2077 utasikia ikisifiwa sana siku hizi, hasa baada ya toleo la 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty za Septemba 2023. Sifa hizo si zako. Toleo la 2.0 halikuletwa PlayStation 4, na nyongeza hiyo haipatikani humo. Mashine yako iliachwa kwenye matengenezo ya mwaka 2022. Hata Sony ilipoirudisha dukani Juni 2021 iliwaonya watu kwamba toleo la PlayStation 4 bado lina matatizo, ikashauri PlayStation 4 Pro au PlayStation 5. Kwa mashine ya kawaida, iache, hata ikishushwa bei. Gran Turismo 7 ningekushauri uinunue kwa sharti moja, kwamba una mahali pa kudumu penye intaneti isiyohesabiwa kwa MB, kwani mbali na kudai mtandao kila siku, inachukua nafasi inayokaribia au kupita GB 100 na masasisho yake hayana mwisho. Ukiwa na sharti hilo, nunua diski badala ya nakala ya dukani mtandaoni: duka la PlayStation halikurudishii fedha kwa sababu ya kutoipenda gemu ukishaanza kuipakua, na diski isiyokuridhisha unaweza kumuuzia mwenzako. Ila kabla ya kutoa fedha, hakikisha kasha ni la PlayStation 4 na lina diski zote mbili, kwani toleo la mashine yako linatumia diski 2, moja ya kusakinishia na nyingine ya kuchezea, na muuzaji wa vitu vilivyotumika asiye mwangalifu anaweza kukuuzia moja.